Mahali Uliposimama Mlango wa Bi Hawa

Vijana wa ofisi ya upimaji waliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Waliniomba siku ya kuniaga, soda mikononi, na nadhani walitarajia maneno mawili matatu ya kuwatia moyo. Hayo sina. Nilichotoka nacho ni hasira, na hasira nayo hurithishwa. Vyeo nilivyopata na mshahara niliolipwa haviwahusu. Viko kwenye faili, na sijawahi kuona faili likimfundisha mtu kushika darubini. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na habari ya nyumba moja ya hapa mjini ambayo nililazimika kuitafuta baada ya kubomolewa, huku wakubwa wangu wakinisihi niiache ipotee.

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikidhani mpima ardhi ni mtu wa meza na rula. Mzee Nyagudi, mpima mkuu wa wakati huo, aliviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu kama mtu anayesoma hukumu.

"Binti," akasema, "hivyo vinapima nini?"

Akanipa mabuti ya mpira ya mwanawe, makubwa hata mguu ukawa unaogelea ndani, akanipeleka Mamboleo, ambako wafanyabiashara wawili walikuwa wamepigania mpaka hata mmoja akapoteza jino. Nilishika fimbo ya vipimo kutwa nzima ndani ya ule udongo mweusi unaong'ang'ania mguu kama mdai. Jioni nilikuwa nimekauka kama dagaa wa omena walioanikwa. Mzee akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kusimama wima. Akasema, "Basi, hilo wengi huchukua miaka kulijifunza."

Kifaa chetu kilikuwa darubini ya kupimia iliyokaa ndani ya sanduku la mbao, nzito kama mtoto anayekataa kutembea, pamoja na miguu yake mitatu, mnyororo na utepe wa chuma. Leo ninyi mna kidubwasha kinachozungumza na setilaiti, kinawapa jibu kabla hamjajua swali. Sikidharau. Nilikitumia na nilikipenda. Lakini kidubwasha kitakwambia uliposimama wewe. Hakitakwambia aliposimama mwenzako zamani. Kwa hilo Mzee Nyagudi alikuwa na sheria moja, nayo aliirudia kila tulipofungua sanduku: anza na kisichohama. Kona ya kanisa. Nguzo ya daraja. Bikoni, yaani yale mawe ya mpaka yenye msumari wa chuma katikati, kama hayajang'olewa. Hung'olewa sana, kwa sababu chuma ni chuma. Nimewahi kuikuta bikoni ya barabara kuu ikiwa mguu wa jiko la chapati pale Kondele. Nilikula chapati. Ilikuwa nzuri.

Siku moja alinipeleka hadi ukingoni mwa ziwa, akaelekeza kidole kwenye maji. Magugu yalikuwa yametanda yakichanua zambarau, na nyuma yake maji yaling'aa hadi macho yakauma.

"Unaliona hilo? Usithubutu kupima kutoka hapo. Ziwa ni mgeni asiye na adabu. Leo liko sebuleni, kesho utalikuta jikoni limefunua sufuria."

Nilicheka. Baadaye nikaja kujua kwamba yalikuwa maneno ya kazi.

Kuwa mwanamke katika kazi hii nitawaeleza kwa ufupi tu. Milimani, kwenye zile nyua kubwa zenye maua yaliyokatwa kama nywele za askari, nilibisha lango nikiwa na darubini begani, na mama mwenye nyumba akanielekeza mlango wa nyuma, akasema nguo za kufua zimo ndani ya karai. Nilimpimia mpaka wake siku hiyohiyo. Ua lake lilikuwa limeingia kwa jirani. Sikuongeza hata nukta ya uongo. Ukweli ulinitosha kabisa.

Watu wakaanza kuniita Mama Vigingi, kwa ajili ya vile vijiti tunavyopigilia ardhini, na jina likanikaa kuliko lile nililobatizwa.

Sasa nije kwenye nyumba.

Wengi wenu hamkuiona Nyumba ya Bi Hawa. Ilisimama upande wa chini wa mji, karibu na ziwa, ghorofa moja juu ya nyingine, chini mawe na chokaa, juu mbao na mabati yaliyopakwa rangi nyekundu iliyochakaa hadi ikawa ya kahawia. Aliijenga baba yake Bi Hawa, mtu wa pwani aliyefuata reli hadi reli ikaishia majini, akaona hapa panatosha. Kulikuwa na baraza mbele ambapo Waluo walioleta samaki, Wahindi wa maduka na Waislamu wa mji walikaa ubao mmoja wakisubiri mvua ikatike. Mimi mwenyewe nilijikinga hapo nikiwa na sare ya shule, nikapewa kahawa chungu na mtu nisiyemjua. Sikuwahi kuipima nyumba ile. Hakuna aliyewahi kututuma, na nani hupima kitu anachodhani kitakuwepo?

Waliibomoa asubuhi ya Idi.

Nataka msome sentensi hiyo tena. Mtu alikaa na kalenda, akatafuta saa ambayo watu wote wa nyumba ile na mtaa ule wangekuwa uwanjani wakisali, paji la uso chini, na saa hiyo ndiyo aliyoichagua kuleta tingatinga. Karatasi za kiwanja zilikuwa zimebadilisha mikono, na mimi sikuajiriwa kuamua kama zilibadilisha kwa haki. Ninachosema ni kwamba mtu anayejua yuko upande wa haki huja mchana kweupe akabisha hodi. Watu walirudi na kanzu mpya na watoto wenye vipodozi na peremende, wakakuta vumbi bado linashuka. Wanawake wakasimama na sinia za biriani mikononi, hawana mahali pa kuzitua.

Kisha, kama kawaida ya mji wetu, hakikujengwa chochote. Mwenye kiwanja alizungushia mabati, yakaibwa. Akazungusha mengine, nayo yakaibwa. Majani yakaota. Vichochoro vya jirani vikafungwa, barabara ya juu ikapanuliwa, nyumba za pembeni nazo zikaanguka moja baada ya nyingine kama meno, hadi eneo lote likawa uwanda mmoja mpana wenye mbuzi na njia ya miguu iliyokatiza katikati. Bi Hawa alifariki akiwa kwa binamu yake. Miaka ikapita, na watoto wakazaliwa wanaoapa kwamba pale pamekuwa malisho tangu enzi.

Nilikuwa nahesabu wiki zangu za mwisho ofisini alipoingia mwanamke mzee, mwembamba, buibui yake imechakaa mabegani lakini imepigwa pasi vizuri. Aliwapita vijana wote akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Wewe ndiye Mama Vigingi?"

"Ndiye mimi, Mama. Karibu ukae."

"Nitakaa ukinijibu. Mimi naitwa Saumu. Bi Hawa alikuwa mama mkwe wangu. Nasikia pale kwetu patajengwa kituo cha mafuta, na watachimba shimo la kuzika matangi. Nataka uniambie watachimba wapi."

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Akatazama mlango kwanza.

"Mtoto wangu wa kwanza hakulia," akasema. "Alitoka kimya. Zamani wale wasiovuta pumzi hatukuwapeleka mbali. Mama mkwe wangu alimwosha mwenyewe, akamvisha kitambaa, akazikwa uani, kwenye kona ya jiko, kwa nje. Kila asubuhi nikipika niliweza kunyoosha mkono nikapagusa. Waliponibomolea nyumba nilisema haya, mawe ni mawe. Lakini mwanangu, tingatinga la kubomoa linakwaruza juu. La kuchimba linaingia chini."

Akakaa.

Nilikwenda kutafuta ripoti. Sheria inataka kwamba kabla ya kuchimba mahali penye historia, mtaalamu aeleze nini kilikuwapo na kama kuna mabaki. Mtaalamu alikuwa amekwisha kueleza. Alikuwa mshauri kijana aliyeajiriwa na mwenye mradi, mwenye viatu vyeupe na adabu nyingi, na ripoti yake ilikuwa na picha za rangi. Ilisema Nyumba ya Bi Hawa ilisimama mahali ambapo sasa ni barabara iliyopanuliwa; kwa hiyo iko chini ya lami; kwa hiyo kwenye kiwanja hakuna mabaki yoyote. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Nilimpigia simu, akaja.

"Uliipataje nyumba?" nikamuuliza.

"Kwa ramani ya zamani ya mifereji, Madam. Ndiyo pekee iliyobaki. Imetoa umbali kutoka ukingo wa maji hadi ukuta wa nyumba. Nikapima."

"Ukapima kutoka wapi?"

"Ukingo wa maji, Madam."

"Ukingo upi?"

Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemsaidia bibi kuvuka barabara. "Kwani iko mingapi?"

Nilichukua kofia yangu, nikamwambia anifuate. Tulitembea hadi ziwani. Nikamwonyesha vibanda ambavyo paa zake zilitokeza juu ya maji kama watu wanaojificha. Nikamwonyesha choo cha mkahawa, mlango wazi, maji yamejaa hadi kwenye kitasa.

"Hapo ndani ya kile kibanda cha pili," nikasema, "nilikuwa nakula samaki kila Ijumaa. Sasa samaki ndio wanaokula humo. Ziwa limepanda, Bwana Mshauri. Hata mtoto wa ufukweni Dunga atakwambia. Aliyechora ramani ile alipima kutoka kwenye maji ya babu yako. Wewe umepima kutoka kwenye maji ya leo. Umeisukuma nyumba nzima ya watu ikapanda kilima ikaenda kulala barabarani."

Alifuta tope kwenye viatu vyake vyeupe. Kisha akasema neno ambalo limenikasirisha maisha yangu yote ya kazi.

"Basi, Madam, tuseme ni makadirio."

Makadirio! Nimesikia neno hilo likifanya kazi ya jembe, ya kisu na ya chandarua. Likitumika kwa maskini humega shamba, na likitumika kwa tajiri hufunika ua. Hajawahi mtu kukadiria akakosea kwa hasara yake mwenyewe. Na angalieni kosa lenyewe lilivyokuwa tamu: katika pande zote za dunia ambazo nyumba ingeweza kuangukia, ilianguka palepale ambapo mwenye mradi angependa iwe, chini ya lami, isiyoweza kuulizwa swali. Sisemi kijana alifanya makusudi. Nasema hakuna aliyekuwa na haja ya kumsahihisha.

Mkuu wangu wa ofisi aliniita. Ni mtu mpole. Ndiyo shida yake.

"Mama, unastaafu. Unataka vita vya nini? Weka sahihi, tukupikie keki."

"Nyumba haikuwa barabarani."

"Sawa, haikuwa barabarani. Ilikuwa wapi?"

Hapo akanibana, na alijua amenibana. Kujua kwamba mtu ameongopa si kujua ukweli. Ziwa la zamani halikuacha alama. Mawe ya mpaka yaliuzwa kwa kilo zamani. Majirani waliokuwa na kuta hawakuwa na kuta tena. Nilikuwa na uwanda, mbuzi na njia ya miguu.

"Tingatinga linakuja Jumatatu," akasema. "Ukinionyesha kabla ya hapo, nitaandika barua ya kusimamisha kazi mimi mwenyewe. Usiponionyesha, Mama, tafadhali, weka sahihi."

Nilimpeleka Bi Saumu kiwanjani. Alisimama katikati ya majani akageuka huku, akageuka kule, mkono juu ya nyusi. Aliishi katika nyumba ile ujana wake wote, na sasa alikuwa kama mtu aliyeshushwa mji wa kigeni.

"Nikiwa ndani naweza kukuonyesha hata gizani," akasema. "Nje sijui kitu. Nipe mlango tu. Nipe mlango, mengine niachie."

Nipe mlango. Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona mara nyingi bila kukitazama. Kila mwaka katika mwezi wa Maulidi, zafa la Waislamu wa mji hutoka msikitini na bendera na matari, likashuka kupitia njia ile ya miguu, na katikati ya majani matupu, pasipo na kitu, husimama. Kina mama husimama, watoto husimama, kaswida inaendelea. Kisha huondoka. Nilidhani wanapumzika.

Mshika bendera ni Rajabu, mzee mnene anayeuza kamba na nyavu karibu na soko. Nilimkuta amelala juu ya mzigo wa nyavu.

"Bwana Rajabu, zafa lenu husimama pale majanini. Kwa nini?"

"Tunasimama mlangoni," akajibu bila kufungua jicho.

"Mlango gani?"

Hapo akaamka. "Wa Bi Hawa, dada yangu. Alikuwa akitoka na ndoo ya sharubati ya ukwaju, anampa kila mtu kikombe. Marehemu baba yangu alisimama hapo na bendera, nami nikasimama. Nyumba wameivunja lakini zafa halijavunjwa. Sasa tunasimama na kiu."

Nilimwomba aje anionyeshe. Alikuja jioni hiyohiyo, akateremka njia, akasimama, akasogea mbele, akarudi, akajikuna.

"Hapa. Au hapa." Akaona haya. "Dada, mguu hautaki. Ukiwa peke yako bila tari, mguu unakuwa wako. Kwenye zafa mguu si wako."

Ninyi mliosoma mtacheka. Mimi nilimwelewa kabisa. Nikamuuliza kama wazee wenzake wangekubali kutembea siku isiyo ya Maulidi. Akaenda kumuuliza sheikh wa msikiti wao, akarudi na jibu kwamba kumsalia Mtume hakuna msimu.

Jumamosi alasiri wakaja: wazee wachache, matari, bendera ya kijani, na kina mama nyuma wakiwa na Bi Saumu. Madereva wa boda boda waliokuwa juani wakakaa wima juu ya pikipiki zao.

"Wazee! Maulidi imeongezwa mwaka huu?" mmoja akapiga kelele.

"Tunafanya mazoezi ya mazishi yako!" Rajabu akamjibu, na njia nzima ikacheka.

Kisha tari likalia, na kicheko kikakatika. Waliteremka polepole, mabega yakienda pamoja, sauti zikipanda na kushuka kama pumzi ya mtu mmoja mkubwa, na vumbi likawafuata miguuni kama paka. Walipofika mahali fulani wakasimama. Hakuna aliyetoa amri. Nilichomeka kigingi mbele ya kidole gumba cha mguu wa Rajabu. Nikawaomba warudi juu, nikakificha kigingi kwa majani. Wakateremka tena kwa kaswida nyingine, wakasimama, nikaenda kufunua majani: kigingi kilikuwa katikati ya viatu vyake. Nikaomba mara ya tatu, na mara hii nikamweka mzee mwingine mbele ashike bendera. Alisimama akakikanyaga.

Nimefanya kazi na vifaa vilivyonunuliwa ng'ambo ambavyo havikuwa na uaminifu wa namna hiyo.

Lakini miguu ni ushahidi, na ushahidi huhitaji jiwe. Tulianza kuchimba taratibu kwa sepetu na mikono, ubavuni mwa njia, upande ambao wazee walikuwa wamegeuzia nyuso. Katika kina cha kiwiko tukagonga kitu kigumu. Tukafagia. Kilikuwa kizingiti: jiwe moja refu, na katikati yake bonde laini lililolika kwa nyayo. Pembeni chokaa ilianza, nyeupe, ikienda sawasawa kushoto na kulia kama mstari niliouchora mwenyewe. Nilifunga darubini hapo hapo. Kizingiti hakihami.

Bi Saumu alivua viatu. Akakanyaga kizingiti kwa mguu wa kulia, akafumba macho.

"Ukumbi," akasema, akaingia. "Ngazi, mkono wa kushoto. Hapa kuna boriti, inamisha kichwa." Na akainamisha kichwa chini ya boriti ambayo haikuwapo, na mimi nyuma yake na utepe wangu, Mungu ni shahidi, nikainamisha changu. "Chumba cha wageni. Mlango wa uani. Kuna ngazi ndogo ya kushuka." Mguu wake ukaitafuta ngazi hewani, ukaikosa, ukatua. "Uani. Kamba ya nguo. Jiko."

Akasimama. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja kimefunguka, chini, kama anayegusa paji la mtu mwenye homa.

"Hapa."

Sikumchimbia hapo. Nilikwaruza hatua chache kando yake, upande aliosema jiko, na udongo ukatoka mweusi kwa masizi na majivu ya miaka. Ilitosha. Nilichukua vipimo nikavipeleka juu ya mchoro wa kituo cha mafuta. Mkono wa Bi Saumu ulikuwa katikati kabisa ya shimo la matangi.

Mkuu wangu aliandika barua kama alivyoahidi. Nampa haki yake. Lakini barua hutembea kwa miguu na tingatinga hutembea kwa minyororo. Jumatatu tingatinga lilifika kwanza. Mshauri alikuwapo, na viatu vyake vyeupe, na alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Madam, nimeona kizingiti. Nakubali nilikosea. Ninachopendekeza, tuhamishe mabaki kwa heshima zote. Mradi utagharamia."

Bi Saumu alikuwa ameketi chini, palepale, miguu ameikunja, na kina mama wa zafa wamemzunguka.

"Mwanangu," akamwambia, "mama yako akiwa amelala njiani mwako, unamhamisha ili upite?"

"Mama, sivyo hivyo."

"Ni vipi basi? Nimehamishwa mimi, nimekubali. Huyu hajafanya kosa lolote hapa duniani. Hata kulia hakulia."

Mshauri akageuka kwa dereva wa tingatinga, kijana wa Kiluo mwenye mabega mapana, akamwambia aanze upande wa juu huku wakizungumza. Dereva aliuliza kina mama wamekaa juu ya nini. Akajibiwa. Akazima injini. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata nikasikia mbuzi wakitafuna.

"Ok anyal," akasema akiteremka. "Siwezi, Boss. Hiyo ni chira. Nikichimba mtoto wa mtu, laana itanifuata hadi kwa mlango yangu. Mimi niko na watoto wawili."

"Nitaita dereva mwingine."

"Ita. Mimi nitakaa hapa nimwambie."

Na akakaa, kofia mkononi, nyuma ya kina mama. Dereva wa pili alikuja akasimulizwa, akawasha sigara, akaondoka. Mshauri akapiga simu, akatembea huku na huku, akapiga nyingine. Alasiri alirudi na habari kwamba mwenye mradi amekubali. Matangi yatahamia upande wa pili wa kiwanja.

Na sasa ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Kumbe kulikuwa na upande wa pili! Kulikuwa na nafasi tele, udongo mzuri, karibu zaidi na barabara. Kusogeza duara kutoka kushoto kwenda kulia kwenye mchoro kulichukua muda wa kunywa chai. Mwanamke mzee alikuwa ametolewa jasho na machozi, wazee wametembezwa juani, nyumba imetiwa chini ya lami kwa ripoti ya rangi, yote kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewaza kuuliza: kuna nani hapa? Msidhani ubaya huhitaji watu wabaya. Huhitaji watu waliokaa vizuri, wasiotaka kuinuka kwenye kiti.

Wiki yangu ya mwisho mchoro mpya uliletwa mezani. Matangi yalikuwa kulia. Kushoto, mahali pale, palizungushiwa mstari mwembamba na kuandikwa: eneo tupu.

Nilimwita kijana wa kompyuta. Nikamwambia abadilishe.

"Niweke nini, Mama? Mfumo una alama ya choo, ya mti, ya taa, ya mtaro. Kaburi ndani ya kituo cha mafuta hakuna."

"Basi andika kwa maneno."

"Maneno gani?"

Sikujua. Nilimpigia Bi Saumu simu. Nilimweleza kwamba nataka pawe na maandishi kwenye ramani ya mji, ili atakayekuja baada yetu asiseme ni makadirio, na kwamba sijui niandike nini.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna aliyewahi kuniuliza anaitwa nani."

"Nakuuliza mimi, Mama."

"Rehema," akasema. "Rehema binti Saumu."

Kijana alikuwa amekwisha kuweka vidole juu ya herufi. Nilimsomea polepole, akaandika, nikatia sahihi.